Jibrili ni jina la mwenye nguvu

Mpwa wangu yuko mwezi wa nane. Wiki iliyopita aliandika kwenye kundi la familia: "Wajomba na mama wadogo, shikamooni. Mtoto ni wa kiume. Naombeni jina la kimalaika, lenye maana ya upole." Majina yakamiminika usiku kucha. Mimi nikaandika moja tu, Jibrili. Asubuhi akanijibu, "Ahsante mjomba, limekaa laini, nimelipenda."

Hapo kwenye "laini" ndipo nilipokwama. Nitafurahi sana akilichukua, maana atakuwa ameniletea somo, mwenye jina langu. Ila sitaki alichukue kwa sababu hiyo.

Najua wazo lake limetoka wapi. Mtoto akilala, mama humwita malaika wangu. Kadi za ubatizo zimechorwa kitoto kinene chenye vibawa viwili na mashavu mekundu. Malaika kwetu amekuwa kitu cha kubembelezwa. Basi mtazame Jibrili mwenyewe. Mwaka 610, katika pango la Hira nje ya mji wa Makka, alimjia Mtume Muhammad (S.A.W.) akamwambia, "Soma." Mtume akasema hajui kusoma. Malaika akamkamata, akambana mpaka nguvu zikamwishia, kisha akamwachia na kumwambia tena, "Soma." Akambana mara tatu. Mtume alirudi kwa Bi Khadija moyo ukimdunda, akiomba afunikwe. Sura ya An-Najm inapomtaja aliyemfundisha Mtume haisemi jina lake, inamwita mwenye nguvu kubwa, na wafasiri wengi wanasema huyo ni Jibrili.

Ukifungua Biblia unamkuta yule yule, kwa jina la Gabrieli. Danieli alipomwona alianguka kifudifudi, na baada ya maono akaugua siku kadhaa. Zakaria, kuhani mzee, alimuuliza atajuaje kwamba mkewe mwenye umri mkubwa atazaa. Jibu likaja: "Mimi ni Gabrieli, nisimamaye mbele za Mungu." Tangu hapo Zakaria hakusema neno hata moja mpaka siku mtoto alipopewa jina.

Jina lenyewe linaeleza hivyo hivyo. Katika Kiebrania, geber ni mwanamume shupavu, na El ni Mungu. Ndiyo maana wengine hulifasiri kuwa shujaa wa Mungu, wengine Mungu ni nguvu yangu. Wapo pia wafasiri wa Kurani waliolieleza kuwa mtumwa wa Mungu. Mimi napenda kukaa kwenye shina. Zile herufi tatu, g-b-r, kwa Waarabu ni j-b-r, na ndizo zilizozaa Al-Jabbar, moja ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu. Kutoka huko Waswahili tukapata neno jabari. Bibi yangu mzaa mama, wa Pangani, alilitumia kila siku. Mjukuu akinyoosha mguu utolewe mwiba wa samaki kwa ncha ya sindano bila kulia, bibi alimpangusa damu kwa upindo wa kanga yake na kusema, "Huyu jabari." Kwa hiyo mwanangu, jina uliloliona laini lina ndugu yake ndani ya Kiswahili chako, na huyo ndugu hana ulaini wowote.

Jabari naye amesafiri. Wamarekani Weusi walipoanza kuwapa watoto wao majina ya Kiswahili, hilo lilikuwa mojawapo. Jabari Parker, aliyezaliwa Chicago mwaka 1995, alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2014. Watu wa huko wanajua kwamba jina hilo lina maana ya shujaa. Sisi tulio nalo nyumbani hatujui kwamba limepakana na jina la malaika.

Kwetu ni familia ya milango miwili. Mama ni wa Pangani, baba ni wa Kibosho. Kwenye cheti cha ubatizo mimi ni Gabrieli, na bibi wa Pangani hakuniita hivyo hata siku moja. Kwake nilikuwa Jibrili. Nikiwa Kibosho, kengele ya saa sita mchana ikigonga, bibi mzaa baba anasimamisha jembe na kuanza, "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria." Likizo inayofuata niko Pangani, kwenye chuo cha Kurani, mwalimu anatusimulia habari za pango la Hira. Nilikuwa na miaka kama minane nilipogundua kwamba wote wawili wanamsema malaika mmoja, tena mwenye jina langu. Nilikimbia kwenda kumwambia bibi. Akaniambia, "Kwani ulidhani wako wangapi?"

Mjomba mmoja kwenye kundi ameandika kwamba si vizuri kumpa mtoto jina la malaika. Namheshimu, na hakulitoa hilo hewani: Imamu Malik amepokewa kuwa alilichukia jambo hilo. Lakini Imamu Nawawi, ambaye ni wa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani, aliandika kwamba wanazuoni wengi hawaoni ubaya. Mjomba, nakuomba unikubalie hapo.

Wasiwasi mwingine wa mpwa wangu ni kama jina limepitwa na wakati. Halijapitwa. Ufaransa Gabriel limeongoza orodha ya majina ya watoto wa kiume kwa miaka kadhaa ya karibuni, na mwaka 2024 nchi hiyo ilipata waziri mkuu wa miaka 34 aitwaye Gabriel Attal. Wafaransa wenye asili ya Afrika Magharibi na Kaskazini wana Djibril wao, na washabiki wa Liverpool wanamkumbuka Djibril Cissé wa ile fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Istanbul ya 2005. Arsenal ndiyo usiseme: Martinelli alikuja 2019, Magalhães 2020, Jesus 2022, wote ni Gabriel na wote wamezaliwa jimbo la São Paulo. Ukiita jina hilo uwanjani wanageuka watatu.

Kuna jambo jingine ambalo mimi huliona zuri kuliko yote. Katika Injili ya Luka, Gabrieli alitumwa mara mbili, na mara zote mbili alibeba jina la mtoto wa kiume. Kwa Zakaria alileta Yohana, kwa Maria akaleta Yesu. Zakaria aliposhindwa kusema aliomba kibao, akaandika, "Jina lake ni Yohana," ulimi ukafunguka.

Nimemtumia mpwa wangu haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Hakubishana na chochote, aliuliza tu: kwenye cheti aandikishe Jibrili au Gabrieli? Nimemwambia wayazungumze yeye na mumewe, lolote kati ya hayo mimi nitaitika. Ila ile i ya mwisho waisimamie pale dirishani. Yangu karani mmoja aliikata kwenye fomu nilipomaliza darasa la saba, akisema "ndivyo linavyoandikwa", na vyeti vyangu vyote vya baadaye vimefuata kosa lake. Bibi zangu wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, walikuwa wakiitamka.