Ahadi za uwazi Uganda: nani anaumia zisipotimizwa?

Sheria za kupambana na rushwa Uganda inazo tele. Ibara ya 41 ya Katiba ya 1995 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ilitungwa 2005, Sheria ya Kupambana na Rushwa 2009, na 2010 ikaja ile ya kuwalinda wafichuaji uovu, inayowaahidi asilimia 5 ya fedha zitakazorejeshwa. Pamoja na hayo, alama ambazo Uganda hupewa na Transparency International, shirika la kimataifa linalopima rushwa, zilishuka kutoka 29 kati ya 100 mwaka 2012 hadi 26 mwaka 2023, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo rushwa inavyoonekana kuwa kubwa. Kipimo hicho ni cha mitazamo, hakihesabu shilingi zilizoibwa, lakini hakuna anayeweza kukisoma kama dalili ya nafuu.

Wanaoitetea serikali husema mageuzi yanahitaji muda, na ushahidi wanao. Uchunguzi wa 1996 ulionyesha kuwa kati ya 1991 na 1995 ni takriban asilimia 13 tu ya ruzuku ya wanafunzi, mishahara ikiwekwa kando, iliyofika katika shule za msingi. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hesabu ukutani. Kufikia 2001 zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Wapo wachumi wanaosema sifa hiyo si ya magazeti peke yake, kwani elimu ya msingi bila ada ilianza 1997 na usimamizi wa hazina nao ukakazwa. Wana hoja. Hata hivyo mzazi alijua kiasi halisi, na ofisa wa wilaya alijua kwamba mzazi anajua.

Ahadi nyingine iliyotekelezwa ni ya kutaja wamiliki halisi wa kampuni, yaani watu wanaozimiliki au kuzidhibiti hasa nyuma ya majina ya kwenye karatasi. FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, iliiweka Uganda Februari 2020 kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kwa udhaifu wa udhibiti wake. Sheria ya Makampuni ikarekebishwa 2022, kampuni zikalazimika kuwaandikisha wamiliki hao kwa msajili, na Februari 2024 nchi ikaondolewa. Hapo kulikuwa na muda maalumu, mkaguzi wa nje, na hasara ya kweli kwa benki na wafanyabiashara.

Sasa tazama haki ya taarifa, ambayo haina msukumo wa namna hiyo. Tuseme mkazi wa Kotido anataka mkataba wa kisima kilichochimbwa kijijini kwake. Anapeleka ombi la maandishi kwa afisa habari wa taasisi husika, naye ana siku 21 za kujibu. Akikaa kimya, sheria inahesabu kuwa amekataa. Mwombaji anabaki na njia ya Hakimu Mkuu, kisha rufaa Mahakama Kuu. Hakuna tume huru ya kumsikiliza bila gharama za kesi. Baya zaidi, afisa habari kisheria ni mtendaji mkuu wa taasisi yenyewe, yaani anayeamua kutoa hati ni yule yule ambaye matumizi yake yanaulizwa. Naye mtumishi wa ngazi ya chini anaikumbuka Sheria ya Siri za Serikali ya 1964, inayomwadhibu anayetoa siri za dola, hivyo anaona ni salama zaidi kunyamaza.

Serikali inaweza kujibu kuwa kuunda tume huru ya taarifa ni mzigo mwingine kwa bajeti. Hoja hiyo ni nzito, maana tayari kuna Mkaguzi Mkuu wa Serikali anayechunguza rushwa, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Kitengo cha Ikulu cha Kupambana na Rushwa kilichoundwa 2018 na Baraza la Maadili ya Viongozi, na ofisi kuongezeka hakujamaliza wizi. Lakini Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inamtaka kila waziri apeleke bungeni kila mwaka ripoti ya maombi yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, pamoja na sababu. Haikuweka adhabu kwa waziri asiyefanya hivyo, ndiyo maana kifungu hicho hakina meno. Kukifufua hakuhitaji ofisi mpya wala mfadhili: Spika ataje tarehe, kamati husika iwaite mawaziri wasioleta ripoti, na majina yao yasomwe kwenye kikao cha wazi kabla ya bajeti za wizara zao kupitishwa.