Badala ya Kukopa, Fungua Tita

Mwaka jana nilikuwa nikifundisha kutoa, Gredi ya 2, hapa Lamu. Ubaoni niliandika 32 toa 7, kisha nikasema kama nilivyofundishwa mwenyewe: mbili haitoshi kutoa saba, basi twende kwa jirani tukakope kumi. Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, tutamlipa lini?"

Sikuwa na jibu. Kwetu mtu akikopa kikombe cha sukari kwa jirani, hurudisha. Mtoto alilichukua neno kwa maana yake, na hesabu yangu haikuwa na maana hiyo.

Siku ya pili nilikwenda na mafagio mawili ya chelewa. Tukayafungua, watoto wakafunga vijiti kumi kumi kwa uzi, kila fungu tukaliita tita. Nikamwita yuleyule msichana, nikampa matita matatu na vijiti viwili. "Nipe saba, mwanangu." Akavitazama vile viwili. Akayatazama matita. Kisha akashika uzi wa tita moja na kuufungua kwa meno. Sasa alikuwa na vijiti kumi na viwili. Akanipa saba, mkononi mwake vikabaki vitano, na matita mawili mezani. "Ishirini na tano!" Hakuna aliyedaiwa. Tangu siku hiyo neno kukopa silitumii tena kwenye kutoa, na nawaomba walimu wenzangu waliache.

Ninaloamini ni kwamba mikono ya watoto wetu tayari inajua hesabu nyingi, ila tunaiacha nje ya mlango wa darasa. Chukua mdako. Kokoto kumi shimoni, unarusha moja juu, unakokota nyingine kabla haijatua. Mimi naongeza swali moja tu: nje ziko sita, shimoni zimebaki ngapi? Hakuna kuchungulia. Baada ya wiki mbili, jozi zote za kumi ziko kichwani.

Kwa kugawanya sijaona kinachoshinda bao. Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64, lakini kwa darasa safu moja ya trei ya mayai inatosha: mashimo sita, komwe 27. Mtoto anatandaza moja moja, anazunguka, mpaka kila shimo lina nne na mkononi zimesalia tatu zisizotosha mzunguko mwingine. Hapo ndipo "baki" inapoeleweka, kwa sababu ameishika.

Boriti za mikoko nazo huuzwa kwa korja, na korja ni 20. Nina mvulana ambaye daftari lake la kuzidisha lilijaa makosa. Nikamwuliza: korja saba na boriti tano ni boriti ngapi? Akajibu papo hapo, 145. Saba mara mbili kumi na nne, weka sufuri, ongeza tano. Alikuwa amelisikia nyumbani tangu mdogo.

Mashindano ya kusimamisha watoto wawili, wa kwanza kujibu ashangiliwe, siyapendi. Anayejua anazidi kung'ara, asiyejua anajifunza kuogopa. Nilikuwa huyo wa pili, na nakumbuka mpaka leo nilivyokuwa nikitazama mlango.

Wazazi wengine huniambia, "Mwalimu, nimemleta asome, si acheze." Nawaelewa, kwa hiyo kila mchezo ni wa dakika 15, na hesabu ileile huandikwa daftarini siku hiyohiyo. Bila kuandika, mchezo unabaki uwanjani.

Yule msichana sasa yuko Gredi ya 3. Juzi nilimkuta na mwenzake aliyekwama kwenye 104 toa 36. Hawakuwa na kijiti hata kimoja. Alikuwa ameweka kidole juu ya ile sufuri, akimwambia, "Hapa hakuna tita. Fungua mia kwanza, upate matita kumi, ndiyo ufungue moja."