Saa ya Kusoma Ina Bei, na Ujanani Hulipwa na Wengine

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja: huanza Desemba na kukatika Aprili. Shule nazo hufunguliwa Januari. Kwa hiyo wiki ambazo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anatakiwa kuripoti shuleni ndizo hizo hizo ambazo mtama na alizeti huhitaji palizi, na hakuna mtu nyumbani anayebaki bila jembe. Naanzia hapa kwa makusudi, kwa sababu tunapowahimiza vijana wasome mapema, mara nyingi tunazungumza kana kwamba kinachokosekana ni bidii yao peke yake.

Wanaohimiza hivyo wana hoja nzito. Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 msamaha huo ulifikishwa kidato cha tano na cha sita. Ndani ya mkoa wetu kipo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, na yapo mafunzo ya ufundi kwa asiyependelea njia ya chuo kikuu. Zimebaki gharama za sare, madaftari na michango, ambazo kwa kaya ya mkulima si ndogo, lakini mlango uko wazi kuliko ulivyokuwa kwa wazazi wetu. Nakubaliana nao kabisa kwamba kijana auingie mapema. Nisichokubali ni ile sababu inayotolewa mara kwa mara, kwamba mtu akishakuwa mkubwa kichwa hakishiki tena. Historia ya nchi hii inaikanusha: mwaka 1967 takribani asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika, na kufikia mwaka 1986, baada ya kampeni ndefu za kisomo cha watu wazima, idadi hiyo ilitajwa kuwa imeshuka hadi karibu asilimia 10. Kinachobadilika mtu anapokua ni bei ya muda wake.

Niliwahi kufundisha hisabati katika darasa la jioni mjini Dodoma, la watu waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa maarifa, ambao mtu aliyekosa sekondari huufanya kwanza kabla ya kuruhusiwa mtihani wa kidato cha nne. Mmoja wao alikuwa dereva wa bodaboda mwenye miaka thelathini na ushei. Kila jioni aliilaza simu yake kifudifudi juu ya meza, karibu na kiwiko. Ilipotetemeka aliitazama, akatazama ubao, kisha akaitazama tena. Siku nyingine alivumilia. Siku nyingine alitoka, na aliporudi mlinganyo tuliokuwa tukiukokotoa ulikuwa umeshafutwa. Hakuwa mzito wa kuelewa hata kidogo. Asilimia alizikamata kuliko wenzake wote, maana kila usiku alikuwa na hesabu ya kumpelekea tajiri wake mwenye pikipiki, na abiria aliyempita jioni ile alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye chakula cha watoto wake. Saa ile ile moja, binti wa miaka kumi na minne huipata pasipo kutoa chochote mfukoni, kwa kuwa mama yake ameshailipia kwa jembe. Hiyo ndiyo maana ya fursa ya ujanani, na ningependa kila mwanafunzi aelezwe hivyo kwa uwazi.

Upande wa pili husema kwamba shule yenyewe hailipi. Kijana anayepakia magunia ya mahindi kwenye soko la Kibaigwa hurudi nyumbani na fedha jioni hiyo hiyo, wakati jirani yake mwenye shahada yuko mwaka wa tatu akisubiri ajira, naye akiipata, marejesho ya mkopo aliosomea yatakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Sioni busara kuipuuza hoja hii, kwa sababu wanaoisema wanawaona wahitimu hao kwa macho yao. Hata hivyo, inamlinganisha mpakiaji wa miaka 20 na msomi wa miaka 25. Iwalinganishe wote wawili wakiwa na miaka 45, mgongo wa mmoja ukiwa umeshachoka. Tena inachanganya kukaa chuoni na kusoma. Wapo wanaomaliza miaka mitatu kwa kutegemea desa, yaani majibu na muhtasari wa kunakili, wakisubiri bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, na kuomba tu wasipate sapu, yaani mtihani wa marudio. Siwalaumu wao peke yao, kwa kuwa mhadhiri mwenye darasa la mamia akitunga maswali yanayojibika kwa desa, naye amewafundisha kudesa.

Msemo wetu kwamba elimu haina mwisho ni wa kweli, na uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwarudisha shuleni wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito uliutendea haki. Lakini taratibu nyingine huweka mwisho: miongozo ya mikopo ya elimu ya juu ya miaka ya karibuni imekuwa ikitaka mwombaji asizidi miaka 35. Dereva yule, hata akifaulu yote, atafika chuoni akiwa ameshapitwa na umri huo.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10, na hivyo mgongano wa palizi na darasa utawafikia watoto wengi zaidi. Vijiji vyetu bado vinajua kulima kwa ujima. Mkutano wa kijiji wa Novemba ungeweza kupanga kwamba mashamba ya kaya zenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza yapaliliwe kwanza, ili ifikapo wiki ya pili ya Januari mtoto huyo awe ameshaweka jembe chini.