Barafu Inayoyeyuka Ndiyo Inayofanya Kazi

Ukiwasikiliza wauza samaki wengi wa Lamu, barafu nzuri ni ile kavu, iliyotoka friza sasa hivi hata inanata mkononi. Ikianza kutoa maji, wanaona pesa zinamwagika. Kwa maoni yangu mambo ni kinyume chake, na sababu imo katika jinsi barafu ilivyojengwa.

Barafu ni fuwele, yaani kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa mpango maalumu, na chembe zake ni molekuli. Chumvi ya Gongoni nayo ni fuwele, ila ni ya ioni, yaani chembe zenye chaji, zinazovutana kwa nguvu kubwa ya umeme, ndiyo maana haiyeyuki mpaka nyuzi 801 za Selsiasi. Katika barafu kila molekuli ya maji hubaki nzima. Kinachoishika na jirani zake wanne ni kani ya haidrojeni, yaani mvutano kati ya molekuli moja na nyingine, dhaifu kama mara 20 kuliko kifungo kilicho ndani ya molekuli yenyewe, na nyuzi 0 zatosha kuilegeza. Mpango huo huacha nafasi za pembe sita, hivyo maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. (Chupa inayopasuka friza msiilaumu chupa.)

Kuuvunja mpango huo kunataka kilojuli 334 za joto kwa kila kilo ya barafu, na joto hilo hutoka kwa samaki. Barafu ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ikipanda hadi sifuri bila kuyeyuka, hunyonya kilojuli 21 tu. Faida ya ukavu unaosifiwa, basi, ndiyo hiyo ndogo.

Kumshusha samaki kutoka nyuzi 30 hadi sifuri kunahitaji kumwondolea takriban kilojuli 105 kwa kilo. Kwa hesabu tupu, kilo moja ya barafu yatosha kilo tatu za nguru. Lakini mashua ya kutoka Kizingitini ina jua, sanduku jembamba na kifuniko kinachofunguliwa kila mara; chukua kilo kwa kilo. Ipondeponde, kwa kuwa donge kubwa humgusa samaki mahali pachache. Tandika chini, kati na juu, na ujaze tumbo la aliyetumbuliwa. Maji yanayotiririka humwosha na kumpoza. Yanayotuama hukusanya damu na bakteria, kwa hiyo toboa tundu chini.

Chumvi juu ya barafu siipendi. Mchanganyiko waweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, lakini barafu huisha mapema, na samaki huganda nusunusu. Friza ya nyumbani iliyosheheni ina kasoro kama hiyo: samaki hukawia kati ya nyuzi 1 na 5 chini ya sifuri, ambako maji mengi ya nyama huganda. Fuwele zinazojijenga polepole hukua kubwa na kuharibu seli, kisha akiyeyushwa anachuruzika maji na nyama inalegea. Gandisha wachache kwa wakati mmoja, uwapange wametengana.

Kuhusu maji ya kutengenezea barafu: fuwele ya barafu haiipokei chumvi, huisukuma kando. Ndiyo maana kiini cha donge la maji ya kisima cha chumvichumvi ni cheupe, kimejaa hewa na madini yaliyofukuzwa. Wapo wanaodhani kuganda kumeyasafisha maji. Vijidudu vingi hunaswa humo na kubaki hai. Maji usiyoweza kumpa mtoto anywe usiyagandishie samaki.