Shati la Maskini si Shati Chafu

Mtayarishaji wa filamu akiambiwa amlipe fundi wa kuchakaza mashati mapya ya waigizaji ili yaonekane yamevaliwa sana, huuliza: kwa nini tusinunue mitumba? Swali lina haki. Mitumba ni rahisi, uchakavu wake ni wa kweli, na hakuna anayevuta vumbi la msasa wala harufu ya rangi kutwa nzima.

Lakini mhusika akitumbukia mtoni, hesabu inabadilika. Tukio litarudiwa mara tatu au nne, na kila mara anatakiwa aingie majini na shati kavu. Anayeruka kwa niaba yake naye ana la kwake. Hapo yanatakiwa mashati matano au sita yaliyopauka mahali pale pale, yenye kola zilizolika sawasawa, na balo zima la mitumba halina mapacha wa namna hiyo. Tena filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi: leo mazishi, keshokutwa harusi. Shati la mwanzo na la mwisho wa hadithi lazima yawepo tayari siku moja, kila moja na umri wake. La mtumba lina umri mmoja tu, nao ni wa mtu mwingine.

Ndiyo maana fundi mzuri huanza kwa kuuliza mhusika anafanya kazi gani. Mpagazi huchakaa begani. Dereva wa lori hupaukia mkono wa dirishani. Kisha anafua tena na tena, anachovya kwenye chai ya rangi kuua weupe, anapiga msasa viwiko, anajaza mawe mifukoni mpaka ilegee. Kuta za nyumba ya kuigizia nazo huchakazwa vivyo hivyo: weusi wa vidole hukaa kuzunguka swichi ya taa, si kila mahali.

Filamu ya Mad Max: Fury Road ilipigwa zaidi Namibia, ambako vumbi ni la bure, lakini Oscar ya maleba, yaani mavazi ya waigizaji, aliyopewa mbunifu wake Jenny Beavan mwaka 2016 haikuwa ya vumbi.

Lipo lalamiko moja ninalolikubali lote: filamu zinazompaka maskini masizi na matope zinamtukana. Ila huko ni kuchafua, si kuchakaza. Kanga ya mama asiye na kitu imefuliwa mara nyingi kiasi kwamba jina lake halisomeki tena, pindo limetoka nyuzi, na bado imekunjwa vizuri.