Nabeba begi la mwanamke, na nalipwa siku ileile

Jumapili jioni, tukiwa kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege, simu yangu ililia. Mchezaji wangu, aliyekaa viti vichache mbele yangu, alikuwa ametuma hela. Juu ada ya wiki kama tulivyokubaliana, chini yake asilimia 5 ya zawadi aliyopata. Sikumkumbusha. Hakuniita pembeni kunisimulia jinsi mambo yalivyobana. Hata hakugeuka kuniangalia, alikuwa ameshaegemea dirisha na kusinzia, maana kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mimi ndiye niliyebaki macho, furaha na hasira vimenijaa kwa pamoja, nikiwawaza wabeba mizigo wa Tabora.

Kwa msionijua: mimi ni kedi. Nabeba begi la mchezaji gofu wa kulipwa kwenye mashindano ya wanawake ya Ulaya. Begi lina fimbo 14, mipira, mwavuli, nguo za mvua, maji na ndizi. Uzito wake ni kilo 15 hadi 20, na likilowa linazidi. Raundi moja ni mashimo 18, mwendo wa kilomita nane au zaidi, kwingine ni vilima vitupu. Lakini kubeba ndiyo sehemu nyepesi. Alfajiri, yeye akiwa bado amelala, mimi nautembelea uwanja na kijitabu changu cha vipimo: bendera ya shimo leo imewekwa upande gani wa grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, mpira ukitua hapa unaviringika kwenda wapi, upepo unatoka wapi. Nikimwambia mita 142 na upepo wa usoni, anapiga kwa neno langu. Kisha nasawazisha mchanga kwa reki, nafuta fimbo, nashika bendera, na kila asubuhi nahesabu fimbo. Mwaka 2001, siku ya mwisho ya shindano la The Open kwenye uwanja wa Royal Lytham, Uingereza, mchezaji Ian Woosnam wa Wales alifika shimo la pili ndipo ikagundulika kwamba begini mna fimbo 15, moja zaidi ya zinazoruhusiwa. Aliongezewa mikwaju miwili (kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi), akamaliza nafasi ya tatu kwa kufungana na wengine. Kanuni ndivyo zilivyo: kosa la kedi, adhabu ya mchezaji. Kwa hiyo mchezaji anayejua kazi hamchukulii kedi wake kama punda.

Kabla ya huku nilibeba Dar. Wengi mlioko Isevya, kwetu Tabora, mnakumbuka nilivyoondoka na treni ya usiku, sina mbele wala nyuma, nikaangukia klabu moja ya gofu mjini. Bei haikutajwa kabla. Unabeba mashimo 18 juani, bosi akimaliza anapokea simu, anaingia kwenye gari, anashusha kioo kidogo: "Kijana, tutaonana kesho." Kesho hachezi. Wiki ijayo anakuja na wageni, na wewe utamdai vipi mbele ya wageni? Ukimdai, huna adabu. Usipomdai, umesamehe. Mlango ulinifungukia Kilifi, Kenya, kwenye uwanja wa Vipingo Ridge, ambako shindano la wanawake la Magical Kenya Ladies Open lilianza mwaka 2019 na Mjerumani Esther Henseleit akawa bingwa wa kwanza. Huko ndiko nilikoulizwa kwa mara ya kwanza, kabla sijaligusa begi: "Wewe unataka kiasi gani kwa wiki?" Nilishindwa kujibu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza bei ya mgongo wangu.

Hicho ndicho ninachotaka kukisema leo, na sitatoka nje yake. Sizungumzii barabara, umeme wala usafi wa hospitali, hizo habari mnazijua kuliko mimi. Nazungumzia mtu aliyebeba kitu chako kutoka hapa hadi pale, akakifikisha kizima, halafu ukamwambia arudi kesho. Stendi, stesheni, sokoni, kwenye nyumba zinazojengwa. Kijana amepandisha magunia ghalani tangu asubuhi, jioni anaambiwa bosi katoka. Dada amejaza mapipa ya fundi kwa ndoo ya kichwani, anapewa soda na maneno matamu. Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge sina haja hata ya kuwaeleza, maana mzigo wenu hupimwa, huandikwa, huondoka, na ninyi mnabaki na karatasi.

Najua yanayofuata. "Huyu kashapanda ndege, sasa anatudharau." Simdharau mtu. Mama yangu yuko Tabora, watoto wa ndugu zangu wako Tabora, na nikistaafu nitarudi kufuga nyuki huko. Ningekuwa na dharau ningenyamaza, nikatuma hela na picha za theluji, mkanisifia.

"Wenzetu ni matajiri, kulipa kwao ni rahisi." Hapa ndipo mnapokosea kabisa, na nitawapa hesabu. Mashindano mengi ya wanawake ya Ulaya yana zawadi ya jumla ya euro 300,000. Bingwa anachukua 45,000. Anayevuka mchujo, yaani kupunguzwa kwa wachezaji katikati ya shindano, kwa tabu akamaliza mkiani, tuseme amepata euro 1,500. Humo atoe nauli ya ndege, chumba, chakula, kodi ya nchi husika, na ada yangu. Asilimia yangu 5 ya hiyo ni euro 75. Asipovuka mchujo baada ya raundi mbili, hapati hata senti, na ada yangu ya wiki bado anailipa. Zipo wiki ambazo mimi narudi na faida na yeye anarudi na hasara. Nimemwona akihesabu kwenye simu kama atamudu mashindano yanayofuata. Hakuwahi kuniambia nisubiri. Katika hesabu yake, mbebaji yuko juu ya orodha. Tajiri wa kwetu mwenye maghorofa mawili na lori anamweka mbebaji chini kabisa, baada ya mafuta ya jenereta.

"Basi umekuwa mzungu." Hili ndilo linaloniudhi zaidi ya yote, kwa sababu linasemwa na Wanyamwezi. Babu zetu walikuwa wapagazi. Karne ya 19, kutoka Unyanyembe, hapo hapo Tabora, hadi Bagamoyo pwani, pembe za ndovu na mizigo ya kilo 30 hivi ilikwenda juu ya mabega yao, na hawakubeba kwa hisani. Mapatano yalikuwa kabla ya safari: vitambaa kiasi gani, posho kiasi gani, mzigo usizidi uzito gani. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alitangulia na msafara ukamfuata. Mwenye mzigo akivunja mapatano, walitua mizigo chini wakakaa. Soma vitabu vya Burton na Stanley, wasafiri wa Kizungu wa wakati ule, uone walivyolalamika juu ya wapagazi wanaodai haki yao, wagumu, wasioyumba. Wao waliandika kwa kukasirika, mimi nikisoma najisikia kusimama wima. Mnyamwezi alikuwa fundi wa njia, alijua thamani ya bega lake, na hadi leo watani wanatutania kwa mizigo nasi tunacheka, hatuoni aibu.

Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja. Katika vita ile wabebaji hawakuulizwa bei. Walikamatwa vijijini, upande wa Wajerumani na upande wa Waingereza, wakabebeshwa hadi wakafa njiani kwa maelfu. Naamini, na haya ni mawazo yangu mwenyewe, kwamba hapo ndipo mtu wa mzigo alipoacha kuwa mtu wa mapatano akawa mtu wa kuamrishwa. Wakoloni wameondoka. Desturi yao ya kubebesha bila kuuliza bei tumeirithi, tunaitumia kwa watoto wetu wenyewe. Kwa hiyo ninapodai bei kabla ya kazi siigi mtu wa Ulaya. Nadai cha babu yangu.

Halafu kuna hili la mwanamke. "Mwanaume mzima unabeba begi la mwanamke?" Ndiyo, nabeba, na kizibao changu kina jina lake mgongoni kwa herufi kubwa. Wengi wa makedi kwenye gofu ya wanawake ni wanaume. Na mwaka 1990, Mwingereza Nick Faldo aliposhinda Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu ya wanaume, begi lake lilibebwa na mwanamke, Fanny Sunesson wa Sweden, na hakuna aliyemwona Faldo amepungukiwa. Nyinyi mnaocheka, mama zenu wamebeba kuni, maji, mahindi na nyinyi wenyewe mgongoni, na hamkuwahi kuona kituko. Mwanaume mmoja wa Tabora amebeba fimbo za mwanamke kwa malipo, imekuwa kichekesho cha mtaa. Kinachonikera mimi kwenye gofu ya wanawake ni kitu kingine: mwaka 2024 zawadi ya US Open ya wanawake ilikuwa dola milioni 12, ya wanaume dola milioni 21.5, wakati mashimo ni 18 yaleyale na jasho ni lilelile. Hapo huku wana deni kubwa, na nawaambia wazi wanaponiuliza.

Wala sisemi maisha haya ni laini. Nauli ni yangu, chumba ni changu. Tunalala makedi watatu, wanne chumba kimoja, tunachangia gari la kukodi, na ugali nasonga kwa polenta, unga wa mahindi wa huku, ambao haushiki sawasawa. Mkataba wa maandishi wengi wetu hatuna. Mchezaji akibadili mawazo, ujumbe mmoja wa simu unatosha na wiki ijayo huna begi. Wazee wa kazi hii wana amri tatu: fika, usiachwe nyuma, funga mdomo. Kuna miji nimepita mara nyingi sijui kanisa lake wala soko lake, najua njia ya uwanjani tu. Rabat, Morocco, kuna uwanja unaitwa Royal Golf Dar Es Salam. Siku nilipoliona hilo jina langoni nilihisi kulia, na jioni nikampigia mama. Watoto wanakua nawaona kwenye simu. Lakini katika yote hayo, sijawahi kukaa mlangoni kwa mtu nikisubiri jasho langu.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa mtaani kwetu alinipigia. Tuliulizana hali vizuri, kisha akasema amesikitika kijana wa Kinyamwezi kwenda Ulaya kuwa hamali wa mwanamke. Nilinyamaza kwa heshima, kwa sababu ni mkubwa kwangu na amenilea. Sasa najibu, na namjibu kwa adabu ileile.

Shikamoo mzee wangu. Vijana walioshusha mifuko ya saruji kwenye msingi wa nyumba yako kule Ipuli, kabla mvua hazijaanza, bado wanakuja kwako kila Jumamosi wanaambiwa umepumzika. Mmoja ni mtoto wa dada yangu, ndiyo maana najua. Bei walipatana na fundi wako mbele ya mashahidi, na hesabu anayo. Naomba uwalipe wiki hii, wote, pamoja na yule aliyeumia mguu. Ukishawalipa nipigie, hata usiku, tuzungumze habari ya begi.