Ashley ni Nani?

Mjomba wangu wa Mikindani ana mikorosho, ana wajukuu, na ana Shepard wa levo 60. Wanaoijua Mass Effect, gemu la vita vya angani la 2007 ambalo Shepard ndiye shujaa unayemchezesha, watamvulia kofia: ukicheza mara ya kwanza levo inagota 50, kwa hiyo kufika 60 sharti umalize gemu, uianze upya na mhusika yuleyule. Alipopata laptopu yenye Mass Effect 2, ile ya 2010, hakutaka kusikia habari ya Shepard mpya. Usipohamisha mhusika, gemu linakuamulia historia yako, na linakuamulia vibaya: Wrex, mpiganaji mwenzako, marehemu; Baraza la Citadel, watawala wa galaksi, lote marehemu.

"Njomba," akaniambia, "siwezi kurithishwa misiba isiyo yangu."

Kazi yenyewe nyepesi. Kwenye kompyuta ya zamani unafungua Documents, kisha BioWare, kisha Mass Effect, kisha Save. Humo mna faili zinazoishia na neno MassEffectSave. Usihangaike kuchambua moja moja. Beba folda nzima kwenye flashi, uiweke mahali palepale kwenye laptopu. Mass Effect 2 ina kiprogramu chake cha mipangilio kinachofunguliwa nje ya gemu, na humo unakielekeza kwenye folda hiyo kivute wahusika. Baada ya hapo unaanzisha mchezo mpya kwa kumwingiza mhusika wa zamani. Wanaojitokeza ni waliomaliza tu. Hata kama umebakiza kumpiga Saren, adui mkuu, peke yake, jina halitokei.

Sasa, kompyuta ile ilikuwa ikichezewa na watu wawili, mjomba na kitindamimba wake. Wote wavivu wa kuandika jina, kwa hiyo wote John. Ukoo ni Shepard, huo haubadilishwi. Wote wa aina ya Soldier, wote sura ileile ya kiwandani. Nikamwambia mjomba wazi: ukifika kwenye orodha usisome jina, soma levo. Akaitikia kama mtu anayesikia. Nikarudi zangu mjini.

Umeme ukakatika, betri ya laptopu nayo haikuwa ya kujivunia. Mjomba akaharakisha, akagonga John wa juu.

Jioni simu ikaita. Mjomba anapoongea na simu huongea na mtaa mzima.

"Njomba! Ashley kafa!"

"Kafia wapi?"

"Virmire! Huyu mtoto kamwacha na bomu, kaondoka na Kaidan!"

"Kwani wewe ulikuwa wapi?"

"Mimi si nilikufa! Wamenifufua baada ya miaka miwili!"

Kwa mchezaji hakuna neno la ajabu hapo. Kwenye sayari ya Virmire lazima umwache mmoja wa askari wako afe, Ashley au Kaidan, na gemu la pili linaanza kwa meli kulipuliwa, Shepard anakufa, kundi la Cerberus linamuunda upya kwa miaka 2. Lakini jirani aliyekuwa anapita na ndoo ya maji hajacheza gemu lolote.

Bajaji iliponishusha Mikindani, mikeka ilikuwa imeshatandikwa uani. Mzee mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini maziko ni saa ngapi, na huyo aliyefufuka aombewe dua gani. Mkaza mjomba alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu, msiba tutauzungumza. Kwanza niambie, Ashley ni nani kwa mjomba wako?"

Jibu la kweli lilikuwa baya. Katika gemu la kwanza Ashley ndiye mchumba wa Shepard wa mjomba. Nikasema ni askari mwenzake, nikapita haraka kwenda kwenye laptopu.

Levo ilisema yote. Shepard wa chini ya 50 anaanza gemu la pili akiwa levo 2. Wa 50 hadi 59 anaanza na 3. Wa 60 anaanza na 5. Skrini ilionyesha 2. Huyo alikuwa John wa kitindamimba. Uzuri ni kwamba uhamishaji husoma faili tu, hauligusi, kwa hiyo mzee wa levo 60 alikuwa salama kwenye folda. Tukaanzisha upya, tukamchagua yeye. Kwenye chombo cha angani, Jacob na Miranda wa Cerberus wanapokuhoji ya nyuma, tukasikiliza kwa makini: aliyefia Virmire ni Kaidan.

"Ashley mzima!" mjomba akapiga kelele.

Uani wakaitikia alhamdulillahi, mikeka ikabaki palepale, chai ikaletwa. Nikaona vyema nisitaje kwamba Kaidan naye kafa.

Kuna jambo moja halirekebishiki kwa faili sahihi. Ukifika sayari ya Illium, Conrad Verner, shabiki wa Shepard, atakulaumu kuwa ulimwekea bunduki usoni, hata kama katika gemu la kwanza ulimsemesha kwa upole. Hilo ni kosa la gemu lenyewe. Usirudie uhamisho wako kwa ajili yake.

Mkaza mjomba hakusahau. Alivuta kigoda akakaa nyuma ya mumewe kila alipocheza. Akaiona picha ya Ashley juu ya meza ya chumba cha kapteni. Akanyamaza. Wakafika sayari ya Horizon, Ashley akatokea mwenyewe, akamfokea Shepard kwa kukaa kimya miaka yote ile na sasa kuonekana na Cerberus.

"Anasemaje?" akauliza. Mjomba, kwa shingo upande, akatafsiri.

"Miaka miwili hata salamu?" Akampiga mumewe kofi la bega. "Mwache akufokee. Ongeza sauti nisikie vizuri."